Mapigo Kumi na Sita ya Kimya

Siku tulipomzika mama walikuwepo hawa: mimi, mtoto wake wa kwanza, wadogo zangu Onesmo, Deo na Leokadia, baba mdogo Sylvester, aliyesimamia msiba, shangazi Generoza, aliyemshika Leokadia mkono ili asilisogelee shimo, katekista, mwenyekiti wa kigango, Filbert mpiga kinanda, ambaye siku hiyo aliambiwa asipige, wanakwaya ishirini na wawili, vijana sita wa jumuiya yetu wenye mabeleshi, majirani wa Nyamiaga, pande zote mbili za barabara, na mwalimu wa kwaya. Nawataja kwa sababu baadaye karibu kila mmoja alisema hakusikia vizuri. Huyu alikuwa nyuma, yule alikuwa amefumba macho anasali. Walisikia. Nilikuwa nawatazama.

Mwalimu wa kwaya nitamwita hivyo hivyo. Ndivyo alivyoitwa na watu wazima na watoto, na sikuwahi kusikia mtu akimwita kwa jina lake la ubatizo isipokuwa padre, tena akiwa amekasirika.

Alikuwa mtu wa kuchukiza. Naanza na hilo makusudi, nisije nikaonekana namtetea. Alinusa ugoro katikati ya mazoezi, na leso yake ilikuwa na rangi ya maji ya mtaroni. Alikuwa na filimbi ndogo ya kutolea sauti. Aliipuliza kwanza yeye, akaifuta kwenye suruali, kisha akampa kiongozi wa kila sauti naye apulize. Ukisita alikuambia, "Unaogopa mate yangu? Ogopa yako, ndiyo yanayoimba vibaya." Msibani hakukaa na wanaume wenzake kuota moto. Alifika jeneza likiwa linatolewa nje, akaimbisha, akala sahani mbili za wali na maharage kwa kelele ya kutafuna iliyosikika hadi jikoni, akaondoka bila kuwapa pole wafiwa. Sikumwona akilia hata siku moja. Sikumwona hata akijitahidi kuonekana analia, jambo ambalo kwetu ni adabu ya kawaida.

Hakutuita kwa majina. Alituita kwa sauti. Mimi nilikuwa Sauti ya Pili, na tulipokuwa wengi nilikuwa Sauti ya Pili wa Dirishani, kwa sababu nilisimama karibu na dirisha kukwepa harufu ya ugoro. Mama alikuwa Sauti ya Kwanza. "Sauti ya Pili," aliniambia mara ya kwanza niliposimama peke yangu, "huimbi, unalalamika. Lakini unalalamika kwenye nota sahihi. Endelea."

Hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote aliyowahi kumpa mtu pale kigangoni.

Baba alikwisha kufa mama alipoanza kuugua, na mimi niliacha shule nikiwa kidato cha pili ili mtu awepo nyumbani. Watu walinihurumia kwa midomo. Mwalimu wa kwaya hakunihurumia. Aliniona siku ya mazoezi nikiwa na gauni la nyumbani saa ambayo wenzangu walikuwa na sare.

"Sare iko wapi?"

"Nimeacha shule, mwalimu."

"Na kuhesabu umeacha?"

"Hapana."

"Basi usiondoke wenzako wakiondoka."

Kwa miaka miwili, kila baada ya mazoezi, alinibakiza nusu saa kwenye chumba cha nyuma ya kanisa, mlango wazi, akanifundisha kusoma nota na kuziandika kwenye karatasi za manila, mistari minne, sauti nne. Mwandiko wangu ulikuwa umelala kama mahindi yaliyopigwa na mvua. Akaunyoosha kwa kunigonga vidole na rula. Hakunipa hata punje ya maharage, na alijua kwetu tulilala na uji. Alinipa hayo tu. Hadi leo nikipima sukari dukani kwangu mkono unahesabu nne nne, na wateja wanadhani nawapunja.

Sasa nieleze alichokuwa anakitaka, maana kilimla kuliko ugoro.

Kwetu udongo unaingia kaburini wimbo ukiendelea. Hakuna aliyeandika sheria hiyo. Vijana wanashika mabeleshi, kwaya inaanza, na wimbo ukiisha wanasimama na kupokezana na wenzao, kisha unaanza mwingine. Kwa hiyo mfiwa wa kwetu anauona udongo ukishuka lakini hausikii. Kwaya inaufunika. Tena siku hizi kuna kinanda chenye ngoma ndani, na Filbert alipenda kukikoleza pale pale akina mama wanapoanza kuanguka.

Mwalimu aliuona huo ni wizi. Alisema tunamwibia mfiwa kitu cha mwisho kilicho chake. Akatunga wimbo wa maziko. Ulikuwa mfupi, wenye maneno ambayo mtoto angeyakariri: *Tumekusindikiza hadi mwisho wa njia tunayoijua.* Hapo sauti zote nne zinakata pamoja. Mapigo kumi na sita hakuna anayeimba. Kisha sauti ya pili inaingia peke yake, chini kabisa: *Bwana, mbele ya hapa mshike wewe.* Halafu wote.

Siku ya kwanza alipobandika karatasi ukutani, Filbert aliitazama, akainua mkono.

"Mwalimu, hapa katikati nijaze na kinanda?"

"Hapo usijaze hata na pumzi."

"Sasa watu watasikia nini?"

"Udongo."

Wapo waliocheka. Mama mmoja wa sauti ya tatu, tulikuwa na akina mama wawili walioimba huko kwa upungufu wa wanaume, akasema, "Mwalimu, watu watazimia."

"Wanazimia kila wiki, na kinanda kinapigwa. Afadhali wazimie kwa sababu ya maana."

"Hii si kwaya sasa. Ni adhabu."

"Hesabu, mama. Moja, mbili. Unaongea ndani ya wimbo wangu."

Tulifanya mazoezi ya kunyamaza. Huwezi kuamini ugumu wake. Mtu mzima aliyezaa watoto saba anashindwa kukaa kimya mapigo kumi na sita. Atakohoa, atavuta kitenge, atamtazama jirani acheke. Aliyeweza siku zote alikuwa mama yangu. Alisimama akitazama mbele, kidole gumba kikigusa vidole vingine kimoja kimoja, nne mara nne.

Kamati ya liturujia ya parokia iliurudisha wimbo. Waliuchora mstari mwekundu pale kwenye kimya, wakaandika pembeni: *Sehemu hii iondolewe au ijazwe.* Akaupeleka tena vile vile. Ukarudi. Akaupeleka mara ya tatu, karatasi mpya, kimya kile kile. Mwenyekiti wa kigango, mtu mnene aliyepaka mafuta hadi kola ya shati ikawa inateleza, alimfuata mazoezini mbele yetu.

"Mwalimu, weka hata Aleluya hapo. Aleluya nne zinaenea."

"Wamesema wimbo una kosa gani?"

"Hawakusema kosa. Wamesema una pengo."

"Mlango nao ni pengo, mwenyekiti. Nyumba isiyo na pengo unaingilia wapi?"

"Watu wanataka faraja."

"Watu wanataka kelele. Faraja ninyi hamuijui, mngeijua msingeogopa kunyamaza."

Hakuwa na ulimi wa kumsaidia. Kila alipofungua mdomo aliongeza adui. Na mimi niliyekaa naye nusu saa miaka miwili? Nilitazama dirishani.

Mama alikufa mwezi wa kuvuna maharage. Asubuhi ya maziko padre alikuwa mbali, katekista ndiye aliyeongoza. Mwalimu alikusanya kwaya nyuma ya migomba yetu akawaambia, "Leo tunaimba ule." Hakuniuliza mimi. Hakumwuliza baba mdogo. Wanakwaya hawakubisha, kwa sababu walimwogopa. Mimi niliondolewa kwenye sauti ya pili kwa kuwa ni mfiwa, nikasimama na wadogo zangu ukingoni.

Waliimba sehemu ya kwanza vizuri. Nakiri hilo. Kisha sauti zote nne zikakata pamoja.

Na wale vijana sita, wimbo ulipokatika, wakasimama. Ndivyo tulivyozoea. Mmoja alichomeka beleshi kwenye kichuguu cha udongo akafuta uso. Mwingine akamnyooshea mwenzake mpini ampokee. Mwalimu alikuwa amefikiria watu ishirini na wawili kwa miaka, pumzi zao, kikohozi chao, vitenge vyao, na hawa sita hakuwafikiria hata dakika moja, kwa sababu hawasomi nota. Kwa hiyo hapakuwa na wimbo wala udongo. Palikuwa na watu wengi wamesimama kuzunguka shimo wakitazamana. Nilisikia mtu akicheua maharage ya msiba. Hicho ndicho nilichosikia kwenye kaburi la mama yangu.

Kisha sauti ya mwalimu:

"Fukieni! Nani kawaambia mwache?"

Kijana mmoja akauliza kwa upole kabisa, "Kwani wimbo si umeisha, mwarimu?"

"Haujaisha! Fukieni, nyie! Fukieni!"

Leokadia alikuwa na miaka sita. Alidhani mama anagombezwa. Alipiga kelele ambayo naisikia hadi leo nikimwona tu amekunja uso. Katekista akaanzisha Baba Yetu, nusu ya kwaya ikamfuata, nusu ikaingia sehemu ya pili ya wimbo, na vijana wakafukia haraka haraka kama watu wanaoficha kitu. Mwalimu alibaki ameinua mkono hewani. Siku hiyo hakula.

Nilimchukia. Sisemi sikupaswa kumchukia.

Baada ya wiki moja mwenyekiti wa kigango alikuja nyumbani na wazee wawili. Walikaa kwenye viti vyetu vitatu, wakala viazi vyetu vitamu hadi sahani ikabaki maganda, ndipo mwenyekiti akasema, "Binti, wewe sasa ndiye mkubwa wa nyumba hii. Ulikwazika?"

"Nilikwazika."

"Basi tuandikie. Maana baba yako mdogo anasema yeye hakusikia vizuri."

Nikaandika. Niliandika kwamba mwalimu wa kwaya alimdhalilisha mama yetu mbele ya watoto wake, na kwamba tunaomba asiimbishe tena. Nilikuwa na hasira ya kweli, lakini walichokitaka wao hakikuwa hasira yangu. Walimtaka atoke tangu walipomnunulia Filbert kinanda kipya. Mwenyekiti aliisoma karatasi, akatabasamu na mafuta yake yote, akasema, "Una mwandiko mzuri." Akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati, akaomba maji ya kunawa. Hadi leo nikikumbuka alivyosugua vidole vile naona aibu, na sijui ni kwa ajili yake au kwa ajili yangu.

Waliisoma mbele ya watu baada ya ibada ya Jumapili. Mwalimu alisikiliza amesimama. Walipomwuliza kama ana la kujitetea, alisema, "Yalipita mapigo mangapi kabla sijapiga kelele?"

Mwenyekiti akaigeuza karatasi upande wa pili.

"Sita," akasema mwalimu. "Yalibaki kumi. Wimbo wangu niliuvunja mwenyewe. Hilo ndilo kosa langu, hayo mengine ni yenu."

Akachukua filimbi yake mezani akatoka. Baadaye tulisikia amehamia Rulenge, kwa mpwa wake.

Kwaya ilimpata Filbert. Wakarekodi video. Nimeionyeshwa kwenye simu mara nyingi kuliko nilivyotaka. Ni wimbo wa kifo, na wanakwaya wamevaa sare za njano, wanayumba kushoto na kulia mbele ya gari ambalo si la yeyote kati yao, wanacheka. Filbert amevaa miwani ya jua. Kila penye nafasi ya kuvuta pumzi kinanda kinatia kengele. Watu wanasema inafariji. Inanitia kinyaa kama chakula kilichowekewa sukari ili usijue kimechacha.

Mimi nilihama na wadogo zangu kwenda Runazi, Biharamulo, nikalima mihogo na maharage, nikafungua duka dogo. Onesmo na Deo wakawa wanaume. Leokadia akafaulu, akapangiwa shule Rulenge, na ni kwa kumpeleka yeye na godoro lake ndipo nilipomwona tena.

Alikuwa kwenye baraza ya mpwa wake, ungo wa maharage mapajani, anachambua mawe. Amekonda. Meno ya mbele hayapo. Leso ni ile ile, au ndugu yake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Hakuinua kichwa. "Sauti ya Pili. Bado unalalamika."

Nilikaa kwenye kigoda. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani kote juu ya bodaboda, nikayatoa yote kwa mara moja: kwamba ile karatasi niliiandika mimi, kwamba walinitumia, kwamba nami nilikubali kutumiwa.

"Najua," akasema. "Mwandiko niliunyoosha mimi."

"Naomba unisamehe, mwalimu."

"Ili iweje?" Akatupa jiwe uani. "Msamaha nitaufanyia nini? Mimi nyumba ninayo, maharage ninayo. Hata sikulaumu. Ningekuwa mimi ndiye mfiwa ningeandika mabaya zaidi."

"Sasa nifanye nini?"

Aliingia ndani. Alirudi na karatasi ya manila iliyochakaa kwenye mikunjo, akaitandika juu ya ungo. Ulikuwa wimbo ule. Kimya kilikuwa pale pale, mapigo kumi na sita. Lakini chini ya sauti nne alikuwa ameongeza mstari wa tano, wenye alama za misalaba midogo badala ya nota.

"Hii sauti ya tano ni ya nani?"

"Mabeleshi," akasema. "Niliandikia watu ishirini na wawili, sita nikawasahau. Tazama hapa. Beleshi la kwanza linaingia kabla kwaya haijakata. Kwaya ikikata, mikono yao imeshashika mwendo. Mtu mwenye mwendo hasimami, ila aambiwe asimame. Miaka mitatu nilikuwa natafuta hapo pa kuwaingizia." Alinusa ugoro, macho yakamtoka machozi ya ugoro. "Imba."

"Hapa?"

"Kwani kuna mahali pengine unakwenda?"

Uani kulikuwa na mlango wa zamani wa mbao uliolazwa chini, umezungukwa na udongo. Hapo nikaelewa kwamba sikuwa wa kwanza kufanyiwa hivi. Alichukua jembe la mpwa wake. Alinipa sauti kwa filimbi, kisha, Mungu anisamehe, akanipa na filimbi yenyewe, nami nikaipuliza. Nikaimba mstari wa kwanza peke yangu. Kabla sijaumaliza udongo ulitua juu ya ubao.

Nikakata. Nikaanza kuhesabu.

Mara ya kwanza uligonga kama mtu anayebisha hodi. Mara ya pili vivyo hivyo, na punje zikatiririka pembeni. Kufika pigo la saba ubao ulikuwa umeanza kufunikwa, mlio ukawa mzito, wa chini. Kufika la kumi na moja haukuwa tena mlio wa mbao. Ulikuwa udongo juu ya udongo, kitu laini, kama mtu anayemfunika mtoto shuka. Nilielewa kwamba mama alikwisha kufunikwa, na kwamba hilo lilitokea mbele ya macho yangu miaka kumi na moja iliyopita na mimi sikulisikia. Nilipoteza hesabu. Mwalimu aliendelea na jembe. Alipita kumi na sita, akapita ishirini, akasimama akihema.

"Umechelewa," akasema.

"Nimeshindwa, mwalimu."

"Nimeona. Mama yako asingechelewa." Hilo alilisema bila ukali wala upole, kama mtu anayetaja bei.

Mpwa wake alitoka jikoni, mikono ina unga. "Mjomba, tena? Leo unamzika nani kwangu?"

"Bado sijampata."

"Majirani wanasema unaniitia kifo. Dada, usimpe kichwa huyu, tafadhali. Sisi tumeshamwambia, siku yake ikifika kwaya ya hapa itaimba, na kinanda kipo."

Mwalimu alilitupa jembe. Kwa mara ya kwanza niliona uso wake ukiogopa, na hakuwa anaogopa kufa. "Umesikia?" akaniambia. "Kinanda kipo."

Akaikunja karatasi, akanipa. "Hukuja kuomba msamaha, ulikuja kulipa. Sauti nne na mabeleshi mawili. Mara moja tu, tangu mwanzo hadi mwisho. Sitakuwepo kukupigia kelele."

Nilimwambia ndiyo.

Nimerudi Runazi. Kwaya ya kigango chetu niliionyesha karatasi. Mwalimu wao aliisoma hadi kwenye kimya, akaniuliza kurasa nyingine ziko wapi. Katekista alisema atasali juu yake, kwa namna ya mtu asiyekusudia kusali. Kwa hiyo natafuta mmoja mmoja. Leokadia akija likizo ni sauti ya kwanza, na anahesabu kwa vidole bila kufundishwa. Sauti ya pili ni mimi. Nikifukia vipande vya mihogo nahesabu, na siku hizi nafika kumi na sita mara mbili kati ya tatu. Sauti ya tatu ni fundi cherehani wa hapa jirani, Mwislamu, aliyesema wimbo wa kunyamaza haumkosanishi na mtu. Onesmo na Deo nimewafundisha mabeleshi. Deo alichukia mwanzoni. Alisema ataonekana hana adabu, kufukia kwaya ikiwa imenyamaza. Nikamwambia aonekane.

Besi sijapata. Niliyemwomba wa mwisho ni mwanakwaya mwenye sauti nene ya ajabu, nilimkuta anakunywa pombe ya rubisi. Aliisikiliza habari yote, akacheka hadi akajifuta mdomo kwa kiganja.

"Huyo mzee ameshakufa?"

"Bado."

"Basi haraka ya nini?"

Jumapili mpwa alinipigia simu. Mwalimu hali chakula cha jioni siku ya nne sasa, na ameuliza kama sauti zimetimia. Nilimwambia amwambie tatu.